Pete ya Pembe kwenye Fimbo ya Babu

Nilipoandika hapa mara ya mwisho habari za kasha la marehemu bibi, wengi wenu mliniuliza kuhusu ile fimbo ndefu inayoonekana pichani nyuma ya kasha. Binamu mmoja wa Maskati alidhani ni mpini wa mkuki. Mwengine, wa Toronto, alidhani ni bakora ya mtu mrefu kupita kiasi. Ni fimbo ya kuchezea biliadi. Ilifika Sweden mwaka 1972 ndani ya bomba la bati, mkononi mwa baba yangu, aliyeshuka melini Göteborg akiwa na sanduku moja na bomba hilo. Watu wa forodha walimfungulisha bomba mara mbili wakihofia kuwa ni bunduki. Tangu hapo fimbo haikutoka nyumbani kwetu Vällingby, ila mara moja tu, mwezi wa Februari mwaka huu, na hiyo mara moja ndiyo iliyonikalisha niandike.

Kwa wasioufahamu mtaa wetu: Vällingby upo magharibi ya Stockholm, juu ya njia ya kijani ya treni ya chini ya ardhi. Ulifunguliwa rasmi tarehe 14 Novemba 1954, kwa mpango wa mji uliosimamiwa na Sven Markelius, na Waswidi waliuita mji wa ABC kwa herufi za mwanzo za maneno yao matatu ya kazi, makazi na kituo cha maduka. Mtu apate vyote vitatu pahala pamoja, asihangaike. Baba alipata makazi na maduka; kazi aliipata mbali, akipanda treni alfajiri kwa miaka ishirini na sita. Uwanja wa kati una sakafu ya mawe yaliyopangwa kwa miduara mikubwa, na utotoni mimi na dada zangu tulikuwa tukiruka kutoka duara moja hadi jengine tukimngoja atoke kituoni.

Mwanangu wa pili, ambaye Kiswahili chake kina harufu ya theluji, alijifunza pool katika nyumba ya vijana, kisha akajiunga na klabu. Mwezi huo wa Februari alitaka kucheza shindano la vijana kwa fimbo ya baba yake babu yake. Nilikataa, akasisitiza, nikakubali kwa sharti kwamba nitaibeba mimi mwenyewe. Mwamuzi, mzee wa Kiswidi mwenye miwani shingoni, aliipima. Kanuni za Shirikisho la Dunia la Pool, lile liitwalo kwa kifupi WPA, hazina maneno mengi juu ya fimbo: isipungue inchi 40, yaani mita moja na sentimita moja na nusu hivi, uzito usizidi aunsi 25, karibu gramu 709, ncha isizidi upana wa milimita 14, na iwe ya ngozi au kitu kingine laini kisichoukwaruza mpira. Pete inayoishika ngozi hiyo, ikiwa ya chuma, isizidi inchi moja. Fimbo ya babu ilitengenezwa kwa ajili ya meza kubwa ya Kiingereza, ambako kanuni za snooker hudai tu isipungue futi tatu na isiache umbo la jadi, nene mkononi na nyembamba mbele. Ilipita kila kipimo. Kisha yule mzee akaigusa pete nyeupe ya ncha kwa ukucha, akaisogeza karibu na taa, akaniuliza kwa sauti ya chini:

“Hii ni pembe?”

Nikamwambia ndiyo. Akasema kanuni za mchezo hazimzuii mtoto, ila kwa ushauri wake nisije nikaivusha mipaka ya Umoja wa Ulaya bila vibali, wala nisijaribu kuiuza. Alikuwa na haki. Biashara ya pembe za ndovu kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na ndani ya Umoja wa Ulaya kamba imekazwa zaidi tangu 2022. Mtoto akacheza, akatolewa raundi ya pili, tukarudi nyumbani. Lakini swali la mzee yule lilinifuata hadi kwenye ngazi. Kitabu cha kanuni kinataja chuma na kinataja ngozi, na pembe hakiitaji hata kwa herufi moja, ilhali ni pembe iliyowakosesha usingizi watunga kanuni kwa muda mrefu, na ni pembe iliyoilisha familia yetu.

Katika karne ya 19 mpira mzuri wa biliadi ulikuwa wa pembe ya ndovu, na iliyosifiwa sana ilikuwa ile laini ya Afrika Mashariki. Ilitoka bara, kupitia Tabora, Ujiji na hata Manyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ikapimwa Unguja kwa frasila, na frasila moja ni kama kilo 16, kisha ikapakiwa kwenda Bombay, London na Salem. Wamarekani walikuwa na mkataba na Seyyid Said tangu 1833, na konseli wao wa kwanza, Richard Waters, alifika Unguja mwaka 1837. Fungu kubwa la pembe yao liliishia kwenye vibao vya piano huko Connecticut, hata kijiji kimoja kikaitwa Ivoryton, kijiji cha pembe. Katika ile ya London, sehemu ilikwenda kwa wakereza mipira.

Mpira haukatwi popote pale katika jino. Ndani ya pembe, katikati, hupita uwazi mwembamba uliokuwa na neva, na mkereza hodari huhakikisha uwazi huo unapita katikati kabisa ya mpira, la sivyo upande mmoja huwa mzito na mpira hupinda njia. Kwa hiyo yalitafutwa meno madogo, yenye unene uliozidi mpira kidogo tu, na kila jino lilitoa mipira michache. Ikishachongwa kwa kukadiria iliachwa ikauke muda mrefu kabla ya kumalizwa. Hata hapo haikutulia. Pembe ni mwili. Hunywa unyevu, hukauka, huvimba upande mmoja, hupasuka. Mipira mitatu iliyotoka London sawasawa haikuwa sawasawa tena baada ya mwaka mmoja pwani. Katika miaka ya 1860 kampuni ya Phelan & Collender ya New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayebuni kitu cha badala, kwa kuwa pembe ilikuwa ghali na ndovu wanapungua. John Wesley Hyatt, aliyejitosa katika shughuli hiyo, ndiye aliyetuletea selulodi. Plastiki zote hizi zinazotujaza majumbani zina ukoo wao huko, kwenye meza ya biliadi.

Kwa mchezo wa kirafiki mpira uliovimba ni jambo la kucheka. Kwa mchezo wa fedha na ubingwa ni ugomvi. Zamani kila ukumbi wa Uingereza ulikuwa na desturi zake, na waliochapisha kanuni mara nyingi walikuwa watengenezaji wa meza, watu wenye bidhaa ya kuuza. Mwaka 1885 kikaundwa chama London, Billiards Association, ili kanuni ziwe moja na mwenye kuzisimamia awe mmoja. Haikuchukua muda wakagombana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1908 kikatokea chama cha pili, Billiards Control Club, na kwa miaka kumi na moja Uingereza ilikuwa na serikali mbili za biliadi, kila moja na kitabu chake. Waliungana 1919. Kitabu cha kanuni cha muungano huo, kidogo, cha kutiwa mfuko wa kanzu, kiliwahi kuwa mali ya babu, na ndicho nitakachokielezea sasa.

Babu alikuwa maka. Wajukuu wengi hawalijui neno hili. Katika klabu za Wazungu za pwani, maka alikuwa mtumishi wa chumba cha biliadi: anasimama ukutani na kuhesabu pointi, anafuta chaki, anapiga pasi kitambaa cha kijani, anabandika ngozi mpya kwenye ncha za fimbo, na anaponyamaza wachezaji wote wawili ndipo anaulizwa nani ana haki. Unguja palikuwa na English Club, iliyoanzishwa 1888, jengo lake pale Shangani ndilo mlilolijua baadaye kwa jina la Africa House; lakini babu hakutumikia hapo. Klabu yake ilikuwa ndogo na sitaitaja, kwa sababu nitakayoyasema nimeyapata kwa mdomo wa baba tu.

Baba alisema kwamba babu alikihifadhi kile kitabu chote, akajua Kiingereza cha kanuni kabla ya kujua Kiingereza cha sokoni. Wanachama wakibishana walimwita. Aliposema faulo, ilikuwa faulo. Lakini maka hakuruhusiwa kucheza. Chumba kilipofungwa na taa zikiwa bado hazijazimwa, alicheza peke yake, mkono wa kulia dhidi ya mkono wa kushoto, na kila mkono aliuhesabia pointi zake kwa uadilifu. Baba aliwahi kufichwa chini ya meza usiku mmoja ili aone. Alikuwa na umri wa miaka saba na alichokumbuka ni sauti tu: mpira kugonga mpira, kisha babu akitaja hesabu kwa Kiingereza, taratibu, kama kwamba chumba kimejaa watu.

Kisa alichokipenda babu kuliko vyote kilikuwa cha Tom Reece. Mwaka 1907, London, mtu huyu aliikamata mipira miwili kwenye pembe ya tundu kwa namna ambayo haikuachana, akawa anaigonga na kupata pointi mbili, mbili, mbili, siku baada ya siku, kwa zaidi ya mwezi mmoja, hadi akafika pointi 499,135 bila kukosea. Chama hakikuitambua rekodi ile. Sababu iliyotolewa ni kwamba waandishi na watazamaji hawakuwepo wakati wote. Halafu mbinu yenyewe ikapigwa marufuku. Baba alipokuwa akitusimulia kisa hiki jikoni hapa Vällingby, sisi watoto tulicheka kwa ajili ya ile nusu milioni. Yeye hakuwa akicheka, na nilikuwa mtu mzima tayari nilipofahamu kwa nini. Babu alikuwa na mchezo usio na shahidi kwa zaidi ya miaka ishirini.

Fimbo yenyewe aliachiwa na mwanachama mmoja aliyekuwa akirejea kwao. Ni ya mti wa ash, na kitako chake ni cha mpingo au mti mweusi mwengine wa jinsi hiyo. Sijampelekea fundi wa mbao aseme kwa yakini. Ilikuwa imeharibika ncha. Kufikia miaka ya 1930 mashindano makubwa ya Uingereza yalikuwa yameshaiacha mipira ya pembe na kushika ile ya kutengenezwa kwa kemikali, na klabu ya babu nayo ilifuata, ikaitupa kabatini ile ya zamani. Mmoja ulikuwa umepasuka. Babu aliuomba, akaupeleka kwa mkereza mmoja wa Mji Mkongwe, naye akautoboa na kuukereza ukawa pete ya upana wa kidole. Hiyo ndiyo pete aliyoigusa mwamuzi wetu. Pembe iliyotoka bara ya Afrika kwenda London, ikarudi Unguja ikiwa mpira, ikapasuka kwa joto letu, ikaishia kwenye ncha ya fimbo ya mtu asiyeruhusiwa kucheza, na leo ipo kwenye ghorofa ya tatu, Vällingby.

Mpaka hapa hadithi inapendeza, na ningeweza kuishia. Ndivyo alivyonishauri shangazi.

Mnajua kwamba baba yake babu alikuwa mtu wa pembe. Kwetu husemwa hivyo kwa fahari, “mtu wa pembe”, kama inavyosemwa fulani alikuwa kadhi. Katika kasha la bibi, chini ya karatasi za nyumba, niliikuta hati ya ukurasa mmoja, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ya mwaka 1301 Hijria, yaani kati ya mwisho wa 1883 na Oktoba 1884, zama za Seyyid Barghash. Ni hesabu ya safari ya kwenda Manyema. Jina la aliyemkopesha mtaji limeliwa na mchwa. Kwanza zimetajwa bidhaa: shanga, waya wa shaba, kaniki, na merikani, kile kitambaa ambacho jina lake lenyewe linasema kilikotoka. Kisha frasila za pembe zilizoahidiwa. Kisha watu.

Wapagazi thelathini na wanne wametajwa pamoja, na mbele yao imeandikwa ujira wa kila mmoja kwa doti za nguo. Chini yao kuna majina kumi na moja, kila jina na mstari wake. Mabruki. Feruzi. Majina ya namna hiyo. Mbele ya majina hayo hapana doti hata moja.

Nilimpigia simu shangazi Maskati. Ana miaka themanini na tatu na akili yake inakata kama wembe.

“Shangazi, nimeikuta hesabu ya safari ya Manyema.”

“Naijua. Mimi ndiye niliyeiweka chini ya zile karatasi.”

“Hawa kumi na moja ni nani?”

Alinyamaza kidogo. “Watu wake,” akasema. “Watu wa nyumbani. Wamekula naye, wamesafiri naye.”

“Hawana ujira, Shangazi.”

“Mwanangu, kuna walioondoka Unguja na nguo walizovaa tu, na miaka yote hii tunasemwa kwa mambo ya mababu ambao hata sura zao hatukuziona. Wewe unataka kuwapa watu kisu?”

Sikumjibu, na mpaka leo sina jibu la kumtosha. Shangazi aliyaona ya mwaka 1964 kwa macho yake, mimi nimeyasoma. Anaponiambia kwamba karatasi inaweza kuua, haniambii kwa mfano.

Hata hivyo nimeamua kuandika, na sababu zangu ni hizi. Yaliyo katika ile hati si siri ya familia yetu peke yetu. Abdul Sheriff, mwanahistoria wa kwetu, aliyaweka watumwa, viungo na pembe pamoja hata katika jina la kitabu chake cha 1987, kwa sababu biashara hizo zilikuwa za mkono mmoja. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili bila kuficha alichokuwa akikifanya bara. Wala siandiki ili niseme kila kilichobebwa kilibebwa na mtumwa. Hilo nalo lingekuwa uwongo. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu wa kazi yao, wakijua bei ya mabega yao na wakigoma wakipunjwa, na wale thelathini na wanne wenye doti zao ni ushahidi. Lakini ni mwandishi yule yule, kwa kalamu ile ile, aliyeandika ujira wa kundi moja na asiandike wa kundi la pili. Soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa limefungwa tangu 1873. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja hadi 1897. Hati yetu ipo katikati ya miaka hiyo.

Siwezi kudai kwamba pete hii imetoka katika pembe za babu yule. Hapana njia ya kuthibitisha, na nawaomba msiliseme hilo katika harusi. Ila imetoka katika njia ile ile, na hilo linanitosha kwa kukosa raha.

Narudi kwenye kanuni, kwa kuwa huko nako kuna sehemu yetu. WPA ilianza kuundwa mwaka 1987, na bingwa wake wa kwanza wa dunia wa mchezo wa mipira tisa alipatikana Bergheim, Ujerumani, mwaka 1990: Earl Strickland wa Marekani. Mwaka 1996 ubingwa huo ulichezwa hapa Sweden, katika mji wa Borlänge, na Ralf Souquet wa Ujerumani akautwaa. Baba alikwenda. Alipanda treni asubuhi, akavaa suti ya msiba kwa kuwa ndiyo pekee aliyokuwa nayo, akakaa siku nzima akiwatazama waamuzi zaidi ya wachezaji. Aliporudi alitueleza jinsi mwamuzi alivyoupangusa mpira kwa glavu nyeupe, na jinsi ukumbi mzima ulivyonyamaza alipotaja faulo. Miaka miwili baadaye Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua biliadi kupitia shirikisho linalounganisha pool, karambola na snooker. Waswidi wenyewe hujivunia zaidi karambola, meza isiyo na matundu, kwa sababu ya Torbjörn Blomdahl, bingwa wa dunia mara nyingi. Baba aliona meza isiyo na tundu ni sawa na kisima kisicho na maji. Namnukuu tu.

Kwetu Tanzania mchezo ulikwenda njia nyengine. Pool iliingia mitaani kwa meza za sarafu, na mashindano ya taifa ya chama cha pool kwa miaka kadhaa yalibeba jina la bia ya Safari iliyoyadhamini; Uganda nako kiwanda cha bia ndicho kilichoshika mkono wa ligi. Fedha ile ilijenga wachezaji, hilo nalikubali. Pia ndiyo sababu familia nyingi kama yetu ziliwakataza watoto wasisogelee meza, wakabaki na keram barazani. Na kila baa ilikuwa na katiba yake. Mwaka 2009 nilicheza Dar es Salaam usiku mmoja katika sehemu tatu, nikakuta hukumu tatu tofauti juu ya mpira mweupe kuingia tunduni; ya tatu ilikuwa kwamba mgeni ananunua soda. Babu angezimia.

Mwezi wa Machi klabu ya mwanangu ilifanya mkutano wake wa mwaka, katika chumba cha kukodi karibu na kituo, kahawa na mikate ya mdalasini mezani. Klabu yake imo katika shirikisho la biliadi la Sweden, na shirikisho hilo limo katika Riksidrottsförbundet, muungano wa michezo yote wa nchi hii, uliozaliwa 1903. Kwa hiyo jambo dogo likiamuliwa katika chumba kile linaweza kupanda ngazi hadi juu. Ajenda ilikuwa ndefu na ya kuchosha kama ajenda zote za Waswidi: hesabu zilizokaguliwa, ada, ukarabati wa kitambaa cha meza ya nne. Kisha pendekezo kwamba vijana waruhusiwe kusaidia kuamua michezo ya watu wazima wakiwa wamefanya mtihani wa kanuni.

Mwanachama mmoja alipinga: mtoto hawezi kumtajia faulo mtu wa miaka hamsini. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwengine anayetaka kusema. Mimi si mchezaji; nilikuwa nimejiunga mwezi mmoja kabla, kwa ada ya mwanachama wa kawaida, ili niweze kumsindikiza mtoto. Niliinua mkono. Nilisema kwa Kiswidi changu cha Vällingby kwamba nilikuwa na babu aliyejua kanuni kuliko kila mtu chumbani mwake na hakuruhusiwa kushika fimbo mchana, na kwamba nisingependa kuiona klabu yenye mtu anayezijua kanuni na asiyeruhusiwa kuzisema. Nikakaa. Uso wangu ulikuwa wa moto. Kura zikahesabiwa kwa mikono, kumi na tisa kwa saba, na mmoja katika wale kumi na tisa alikuwa mimi. Nilipofika nyumbani nilikitafuta kile kitabu kidogo cha babu kabatini na sikukipata. Dada yangu anasema kilipotea tulipohama ghorofa mwaka 1988.

Kuhusu pete, fundi mmoja wa fimbo hapa Stockholm amekubali kuibandua na kuweka ya plastiki ngumu, ili mtoto aweze kusafiri na fimbo akichaguliwa. Mwanangu aliposikia hayo alikataa. Nikamweleza habari ya wale kumi na moja, yote, nikidhani ndipo atakapotaka ibanduliwe haraka. Akaniuliza majina yao. Nikamsomea. Akasema, “Baba, ukiitoa, nani atauliza tena kama ni pembe?” Basi ipo. Yeye anacheza kwa fimbo mpya ya nyuzi za kaboni aliyoinunua kwa pesa za kugawa magazeti.

Nimeiandika fimbo katika daftari la mali za ukoo kama ifuatavyo, na picha zitafuata: urefu sentimita 145; uzito gramu 482; upana wa ncha milimita 10; mti wa ash na kitako cheusi; pete ya pembe ya ndovu, iliyokerezwa Unguja kutoka kwenye mpira uliopasuka; mali ya maka.

Hati ya 1301 inaishia katikati ya mstari, kwa hiyo palikuwa na ukurasa wa pili, na huenda huko ndiko kulikoandikwa nani alirudi kutoka Manyema na alilipwa nini. Kasha la bibi lina ukurasa wa kwanza tu. Karatasi za nyumba ziligawanywa mwaka 1965 kati ya waliokwenda Mombasa na waliokwenda Maskati. Aliye na bahasha ya zamani asiyoweza kuisoma, naomba anipigie picha pande zote mbili, hata kama ni chafu. Majina ninayoyatafuta ni kumi na moja, la kwanza Mabruki.